Mlaji Tuliyempata

Neno lenyewe nililikuta kwenye karatasi za chuo, nikalipenda kwa sababu lilikuwa sanifu. Mlaji. Mhadhiri wangu alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa juu ya kila fomu: UTAFITI WA TABIA ZA WALAJI. Nilimwuliza kwa nini tusiandike wanunuzi, watu wakaelewa upesi. Akanijibu kwamba anayenunua si lazima awe ndiye anayetumia. Mume ananunua sabuni dukani, mke ndiye anayeifulia, na sisi tunamtaka huyo anayeifulia. Redio nayo ilikuwa ikisema mlaji, mlaji, kila kukicha. Nikaona maelezo yametosha. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtoto wa mfanyakazi wa reli, mzaliwa wa Shinyanga mjini, na sikuona kwamba kuna mtu huko shamba wa kunifundisha Kiswahili.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati duka la ushirika lilikuwa na mwuzaji, mzani na kaunta, lakini bidhaa hakuna. Kipande cha sabuni kilikuwa kitu cha kuagizia mtu anayesafiri. Vijijini watu walifulia majivu. Katika hali hiyo mhadhiri wangu, sijui alimwona nani, alipata kibali cha katoni kadhaa za sabuni ya mche kutoka kiwandani, kwa ajili ya utafiti. Alitaka kujua kama mtu anachagua kitu au anachagua nguo kiliyovalishwa. Tulikata miche, tukapata vipande vinavyolingana, tukavifunga kwa karatasi za rangi tatu: nyekundu, nyeupe, na bluu iliyokolea. Sabuni ilikuwa ile ile moja. Kila nyumba ingepewa kipande cha rangi moja kwa wiki moja, kisha cha pili, kisha cha tatu, na mwisho ningeuliza ipi inatakatisha zaidi, ipi inatoa povu zaidi, ipi ungenunua ukiikuta dukani.

"Sharti ni moja," mhadhiri aliniambia. "Usiwaambie kwamba ni moja. Ukisema, umeua utafiti."

Nikaapa. Mimi nikipewa siri huwa navimba kichwa, na ile ilinivimbisha kweli kweli.

Kijiji kilikuwa upande wa Kishapu, nchi ya pamba na ng'ombe, tambarare, kavu, miti imekatwa ikaisha zamani. Watu walipikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi wake ni mkali, unashika koo na macho. Nilifikia kwa mama mmoja, mke wa karani wa pamba, mwanamke mkarimu mwenye maneno mengi, ambaye tangu siku ya kwanza aliniita mwalimu ingawa nilimwambia mimi si mwalimu. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano, akanitambulisha. Nikasimama, nikaamkia, shikamooni wazee, mwangaluka akina mama, nikasema kwa sauti ya kujiamini kwamba serikali na chuo wamenituma kuchunguza tabia za walaji wa kijiji hiki, kwamba nitaingia nyumba kwa nyumba, na kwamba walaji watakaopatikana wataandikwa majina.

Mkutano ulinyamaza. Mimi nilidhani ni adabu.

Nilichagua nyumba arobaini, kila nyumba ya tano kwa kufuata njia, kama nilivyofundishwa. Zilizorukwa zilinung'unika kwa sababu ya sabuni, na hilo nililitarajia. Nilichoshangaa ni kwamba hata zile zilizochaguliwa zilipokea kipande kwa mikono miwili na macho chini. Wanaume walisimama mlangoni wakati wake zao wanajibu. Mama mmoja aliniuliza kama akikataa sabuni atakuwa amefanya kosa. Nikamjibu kwa haraka, maana jua lilikuwa kali na nilikuwa na nyumba nyingine kumi: "Mama, anayekataa ndiye tutakayemshangaa." Akaichukua.

Wiki ya nne nikaanza kuuliza, na majibu yakanifurahisha hadi nikawa nacheka peke yangu njiani. Huyu anasema nyekundu ina povu lakini inachubua mikono. Huyu anasema nyeupe ndiyo ya wazungu, inatoa hata doa la mafuta. Mke wa kiongozi wa walinzi wa kijiji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamuru, aliniapia kwamba ile ya bluu si sabuni, ni udongo, na kwamba nyekundu ilimtakatishia shuka lililoshindikana mwaka mzima. Niliandika yote. Nilijiona niko juu ya mti nawatazama watu wanavyopotea njia huko chini, na raha yake sikuificha sana.

Nyumba ya thelathini na kitu ilikuwa ya mjane mmoja karibu na lambo la kunyweshea ng'ombe, mwanamke mzee anayeishi peke yake na mbuzi wawili. Binti yake aliolewa Ushirombo. Alikuwa na macho mekundu, kope zimevimba, na alipozungumza alikugeuzia sikio badala ya uso. Nilimpangia zile karatasi tatu mbele ya kigoda alichokalia, nikamsomea swali.

"Ipi inatakatisha zaidi, bibi?"

"Ng'wanone, mwanangu, mbona unaniuliza hivyo? Sabuni ni moja."

"Zilikuwa tatu, bibi. Hii, hii, na hii."

"Karatasi tatu. Sabuni moja. Mmeivalisha tu." Akacheka kidogo, akafunika mdomo kwa kanga. "Mnatuchezea ninyi watoto wa shule."

Nilitaka kumkumbatia. Sikumwuliza alijuaje, na hilo ndilo swali ambalo mtafiti yeyote mwenye akili angeuliza kwanza. Nilikuwa na haraka ya kufurahi. Niliandika jibu lake, nikalipigia mstari mara mbili.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Nilikwenda kunywa chai kwenye kibanda kilichokuwa nyuma ya zizi, na pale nikamkuta kiongozi wa walinzi na wenzake wanne. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti. Mvua zilizopita alikuwa amezika mtoto wa kiume wa miaka sita. Aliniuliza kwa heshima kazi inaendaje. Kuhusu sabuni nilikuwa nimeapa kunyamaza, na kweli sikutaja sabuni. Lakini furaha ilikuwa imenijaa, nikasema:

"Imekwisha, baba. Kati ya walaji wote arobaini, tumempata mmoja tu."

"Mmempata kwa zile karatasi?"

"Kwa zile zile. Wengine wote wamepita bila kujulikana, lakini yule hakuweza kujificha." Nilikuwa nataka kusema kwamba akili yake haikuweza kujificha. "Ni yule bibi wa lambo."

Akatikisa kichwa polepole. Akalipa chai yangu. Nikamshukuru, nikaondoka nikiwa na hakika kwamba nimemsifia bibi yule mbele ya watu wakubwa.

Asubuhi iliyofuata mama mwenyeji wangu hakunipa uji. Alikuwa amekaa jikoni ametazama moto, na nilipomwamkia akaitika marahaba kwa shida.

"Mwalimu," akasema, "sasa yule bibi mtamchukua na gari, au mnawaachia wenyewe?"

"Tumchukue wapi?"

"Mlaji wenu."

Nilimwambia sielewi. Akanitazama kuona kama namfanyia mzaha, kisha akaanza kunieleza, nami nikakaa juu ya gunia la mtama kumsikiliza. Mlaji, pale kijijini, ni anayekula. Na anayeandikwa na serikali kwa sababu ya kula, anayetafutwa nyumba kwa nyumba, hali ugali. Anakula watu. Ni nogi, mchawi. Mwaka wa nyuma yake alipita mganga akigawa dawa ili kuwafichua, na kijiji kiligawanyika kwa sababu dawa yake haikumkamata mtu. Kisha nikaja mimi na mihuri ya chuo.

"Na zile rangi," akasema. "Nyekundu, nyeupe, na ile iliyokaribia nyeusi. Hata mtoto anajua hizo ni rangi za waganga."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie nini? Wewe ndiye uliyesoma. Tulijua unajua unachokisema."

Akaniambia kwamba walinzi wamemwita bibi, saa nne, mbele ya ghala la pamba. Hakuhitaji kunieleza zaidi. Kijiji jirani, miezi michache nyuma, mwanamke mzee mwenye macho mekundu kama ya bibi alikutwa mlangoni kwake amekatwa mapanga, na hakuna aliyeona wala kusikia. Nilikuwa nimeipata habari hiyo mjini, nikasikitika, nikaendelea kula chakula changu.

Nilikimbia kwa mwenyekiti. Nilimkuta anajiandaa kwenda kwenye semina ya wilayani, amevaa suti ya kaunda, baiskeli imeegemea ukuta. Nilimweleza yote kwa mkupuo mmoja: mlaji ni mtumiaji tu, sabuni ni moja, bibi hana kosa, mimi ndiye mjinga. Alinisikiliza, akafuta kiti cha baiskeli kwa kitambaa.

"Mimi naelewa," akasema. "Mimi nimekwenda shule. Wewe nenda ukawaeleze kama ulivyonieleza."

"Twende wote, mzee."

"Nikiwapo mimi itakuwa kesi."

"Na usipokuwapo itakuwa nini?"

Nilimfokea, mtu wa umri wa baba yangu. Sikuwahi kumfokea mzee kabla ya siku ile. Akaiacha baiskeli, akanitangulia njiani bila kuniangalia.

Tulipofika, watu walikuwa wameshajaa. Wanaume walikaa upande wa kivuli cha ghala, wanawake upande wa jua. Bibi alikuwa katikati, ameketi chini, miguu ameinyoosha, kanga imefunga kichwa. Alionekana mdogo kuliko alivyokuwa nyumbani kwake. Walinzi walishika marungu na pinde. Kiongozi wao aliponiona akafurahi, akasogeza watu wanipishe.

"Mwenyewe amekuja," akasema. "Aseme mbele yetu sote."

Nilisema. Nilianza kwa Kiswahili, nikaona hakifai, nikahamia Kisukuma changu cha mjini ambacho siku nyingine kiliwachekesha. Nilisema mlaji ni mtu yeyote anayetumia kitu kilichonunuliwa. Nilisema yeyote anayepikia mafuta ya taa, anayevaa shati, anayefulia sabuni, ni mlaji.

"Na wewe?" akauliza kiongozi wa walinzi.

"Na mimi ni mlaji."

Kulipita mnong'ono, na mwanamke mmoja aliyekuwa karibu nami akavuta mtoto wake nyuma. Sikuwa na njia nyingine isipokuwa ile niliyokatazwa. Nilikuwa nimebeba vipande vilivyobaki kwenye mkoba. Nilivitoa, nikavichana karatasi, nyekundu, nyeupe na bluu, nikaviweka chini mbele yao, vipande vitatu vya rangi moja ya manjano, kila kimoja na mhuri ule ule wa kiwanda. Nikasema: tuliwadanganya. Sabuni ilikuwa moja tangu mwanzo. Tulitaka kuona kama mtasema zinatofautiana, na mlisema. Bibi huyu ndiye hakudanganyika, na hilo ndilo nililomaanisha nilipomtaja.

Nilitegemea watu watashusha pumzi. Badala yake wanawake walianza kutazamana. Wale arobaini walijuana, na kila mmoja alikumbuka alichonijibu. Mke wa kiongozi wa walinzi aliinamisha uso, shingo imekakamaa. Hasira ikageuka kunijia mimi, na Mungu anisamehe, niliipokea kwa shukrani. Lakini haikukaa kwangu.

Kiongozi wa walinzi aliokota kipande kimoja, akakinusa, akakirudisha. "Kweli sabuni ni moja," akasema kwa ile sauti yake ya upole. "Tumekubali. Watu thelathini na tisa hawakuona. Mmoja akaona. Aliyaonaje mambo yaliyofichwa?"

Ndilo lile swali ambalo sikuuliza. Nilimtazama mwenyekiti, naye akatazama viatu vyake. Nilichowaza, kwa aibu nasema, ni umbali wa kutoka pale hadi barabarani.

Bibi aliomba kusema. Hakusimama.

"Mimi sikuona kitu," akasema. "Karatasi zao sikuziona rangi. Kwangu zote zilikuwa kama kivuli. Macho haya yamekwisha. Nikinawa uso, sabuni inaniuma. Ya kwanza iliuma hivi." Akaweka vidole juu ya kope. "Ya pili ikauma hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Ndiyo maana nikajua ni moja. Kama mngekuwa na macho yangu mngejua na ninyi. Ni moshi. Miaka arobaini ya mavi ya ng'ombe."

Kisha mke wa kiongozi wa walinzi akasimama upande ule wa jua, mrefu, kanga ameishika kifuani. Nilidhani anakuja kunitukana.

"Na yangu yanauma," akasema. Hakumtazama mumewe. "Tangu masika. Asubuhi yanaganda, nayafungua kwa maji. Napikia nini? Napikia hicho hicho. Mimi mtaniita hapa mwaka gani?"

Mumewe alisema akae. Hakukaa. Mwanamke mwingine nyuma yake akasema na yeye yanauma, na mwingine. Si wengi. Labda watano. Wengine walinyamaza, na miongoni mwao nilimwona mama mwenyeji wangu, anachora chini kwa kijiti.

Hapo mwenyekiti akapata sauti. Alisema jambo hili ni zito, lina pande nyingi, na kwa kuwa yeye ana semina wilayani, linaahirishwa. Watu wakatawanyika taratibu. Mimi nilijawa furaha. Nilimsaidia bibi kuinuka, nikamwambia yamekwisha.

"Amesema limeahirishwa," akanijibu. "Hakusema limekwisha."

Mchana huo huo alifunga kanga zake mbili na sufuria, akamwachia jirani mbuzi wake. Lori la pamba lilikuwa linaondoka kuelekea Isaka, na huko angepata usafiri wa kwenda kwa binti yake Ushirombo. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikaomba radhi kwa lugha zote mbili, nikalia. Aliniacha nilie. Baadaye akaniuliza:

"Hasa mlikuwa mnataka kujua nini?"

"Kwa nini mtu anachagua kitu hiki anaacha kile."

Akafikiri, amenigeuzia sikio. "Na mimi nimechagua?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Dereva akapiga honi, utingo akampandisha juu ya marobota, na lori likaondoka.

Mhadhiri wangu alikuja siku tatu baadaye na gari la chuo. Alifoka, kisha akasikiliza hadithi yote. Mtu mbaya hakuwa. Alisema kijiji kimeharibika kwa utafiti, ila majibu yaliyokwisha kuandikwa bado ni halali, kwa hiyo nifunge fomu zote tuondoke. Kila nyumba ilibidi ipitiwe mara ya mwisho na kutiwa sahihi ya kumalizia.

Nyumba ya bibi nilikuta mlango umeng'olewa. Nguzo mbili za mbele zilikuwa zimechukuliwa na paa limeinama upande mmoja. Ndani hakukuwa na chungu wala kinu. Nilisimama pale na fomu mkononi, halafu nikarudi kwa mama mwenyeji wangu ili niandikie kivulini.

Alinipokea vizuri, kama mwanzo. Hatukuwa tumezungumza juu ya ghala. Alinipa maji ya kunywa, akaingia ndani, akatoka na kigoda cha miguu mitatu, kimeng'aa katikati kwa kukaliwa, akakipangusa vumbi kwa kiganja.

"Kaa, mwalimu, uandike vizuri."

Nilikijua. Nilikuwa nimekiona karibu na lambo, bibi amekikalia, karatasi tatu ziko mbele yake. Mama yule alijua kwamba nakijua. Alisimama akinisubiri, mkono bado uko juu ya kigoda, na machoni mwake sikuona ubaya wowote, niliona uchovu tu.

Nikakaa. Chini kabisa ya fomu kulikuwa na mstari wenye nukta: Mlaji hakupatikana kwa sababu. Nikaandika, kwa mwandiko mzuri: amehama.